Madaftari 23, Kosa Moja

Halati, shikamoo.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nakaa Langoni hapa Amu (Lamu). Wenzangu wengi wamo bwenini, mimi hurudi nyumbani jioni. Nakuandikia kwa simu ya mama. Anajua kwamba naandika, ila hajui yote nitakayoyasema, kwa hivyo jina langu lisitoke.

Hesabu nazipenda tangu udogo. Babu, Mungu amrehemu, alikuwa nahodha, naye ndiye aliyenifunza kuhesabu kwa vidole na fundo za kamba kabla sijajua kushika kalamu.

Mwezi wa nne tulipofunga shule, mwalimu wa hesabu alitupa kazi ya likizo: karatasi nzima ya maswali 24, mfano wa ile ya mtihani wa taifa. Siku ya pili yake darasa lilikuwa limeshatawanyika. Huyu Faza, huyu Kizingitini, wengine Witu na Mpeketoni, mmoja Kiunga. Tukafungua grupu la WhatsApp. Mwanzo lilikuwa zuri, Halati. Mtu akikwama anaandika "la 4 limenishinda", tunajibizana, tunataniana, mwingine anatuma sauti. Hata mimi nilifaidika. Kuna mvulana wa Mpeketoni alinionyesha njia ya logarithimu iliyo fupi kuliko yangu.

Kisha usiku mmoja nilikuwa na usingizi, na watu watatu wananiuliza swali lile lile. Nikapiga picha ukurasa wangu nikautuma, nikalala. Kumbe hapo ndipo nilipoharibu. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena "vipi". Ikawa "tuma 9", "tuma 10 hadi 14", "dada mbona kimya?" Saa nne za usiku simu inalia, mama anauliza ni nani hao. Wawili walinitumia bando la shilingi 50 kila mmoja ili niwatumie wao kabla ya wengine. Nililipokea. Naona haya kulisema hili.

Shule ilipofunguliwa mwalimu akakusanya madaftari. Siku ya tatu akaingia nayo yamepangwa mafungu mawili. Swali la 19 lilikuwa la mashua: imetoka A ikaenda kilomita 12 kwa beringi (pembe inayohesabiwa kutoka kaskazini kwa kugeuka upande wa kulia) ya 060° hadi B, ikageuka ikaenda kilomita 5 kwa beringi ya 150° hadi C. Tafuta umbali wa AC, kisha beringi ya A kutoka C. Umbali nilipata kilomita 13, na ni sawa. Beringi niliandika 082.6°. Jibu ni 262.6°. Nilikuwa nimepima nikiwa A. Na madaftari 23, langu likiwemo, yote yameandika 082.6°. Kuna wengine walionakili mpaka tarakimu niliyoikosea nikaikata, nao wakaiandika wakaikata.

Mwalimu hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Chemchemi ni nani?" Darasa zima likanigeukia. Tukapata sufuri wote 23, na mimi ndani yake, ingawa kazi ile niliifanya kwa mkono wangu tangu swali la kwanza. Akasema grupu lifungwe.

Nyumbani nako hakukaliki. Binamu yangu, mtoto wa ami, ametoka Kizingitini kuja kusoma hapa, na tunalala chumba kimoja. Naye ni mmoja wa wale 23. Nilipomwambia daftari langu halimhusu tena, aliacha kunisemesha, na kwa mama anasema najifanya mwalimu. Lakini aliyenichoma zaidi ni bibi. Alinisomea hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya mtu aliyeulizwa ilimu akaificha, kwamba siku ya Kiyama atatiwa lijamu ya moto. Akasema, "Mwanangu, ilimu haifitwi." Wiki nzima nalala na neno hilo.

Nilifunge grupu? Nimwendee mwalimu nimwambie sikunakili? Na binamu yangu nimfanyeje, maana kusema kweli hesabu anaziogopa mpaka jasho linamtoka?

Na kuna jambo jingine, dogo. Grupuni mna namba mbili hakuna anayezijua, linki ilisambazwa. Mmoja ameniandikia pembeni kwamba yeye ni mwalimu, yuko Malindi, na anaweza kunisaidia mimi peke yangu.

Mwenye lijamu, Amu

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na hilo uliloliita dogo. Kabla hujasoma mstari wa pili wa jibu hili, ziondoe namba hizo mbili na uibadilishe linki ya grupu ili ile ya zamani isimwingize mtu tena. Mtu mzima aliyeingia katika grupu la watoto wa shule bila kualikwa, akayapita maswali yaliyoulizwa mbele ya watu, akamfuata msichana pembeni, mimi sina haja ya kumjua zaidi ya hapo. Usimjibu, hata jibu la adabu. Mzuie asikuandikie, lakini maneno yake usiyafute: mwonyeshe mama. Na ukishakaa na mama, mwambie na habari ya lile bando. Anakuachia simu yake usiku. Kinachopita ndani yake ni haki yake kukijua. Atakasirika kidogo. Vumilia.

Sasa mashua.

Nimesomesha hesabu miaka 27 kabla ya kustaafu, na barua yako ilinifanya nitafute kalamu kabla ya miwani. Nikachora nyuma ya risiti ya duka. Kutoka A, 060°, kilomita 12. Kwenye B, mstari uliotoka A unarudi nyuma kwa 240°, na ule wa kwenda C ni 150°. Tofauti ni 90°. Pembe mraba. Kwa hivyo 5, 12, 13, na hapo ulikuwa mzuri sana. Kisha pembe ambayo tanjenti yake ni 5 kwa 12, yaani 22.6°, ukajumlisha na 60. Hesabu haina doa. Kilichokosewa ni mahali ulipokuwa umesimama.

Hebu lifikirie swali kama mtu wa Amu. Watu wako C, baharini, jua linashuka, wanataka kurudi A walikotoka. Nahodha anauliza: tuelekeze wapi? Wewe unamwambia 082.6°. Hiyo ni karibu na mashariki kamili, na mashariki yetu ni bahari kuu. Watu wanataka kwenda kwao kula, wewe unawapeleka Bahari Hindi. Marehemu babu yako angecheka kwanza, kisha angekupokonya usukani. Ukiongeza 180 unapata 262.6°, unaelekea magharibi, unaiona nchi kavu.

Wewe kukosea hapo si ajabu. Linaloniuma ni hawa 22 wengine, ambao humo ndani mna watoto wa Kizingitini na Faza, watoto wa wavuvi, waliokulia mashuani. Mtoto wa Kizingitini hawezi kuambiwa kwamba nyumbani ni mashariki ya bahari akanyamaza. Angeshtuka! Ila alipaswa kwanza achore, hata kwa kidole hewani, na hakuna aliyechora. Walipokea tarakimu. Tarakimu haina upepo wala pwani, haimshtui mtu.

Na kosa lenyewe nalijua lilipozaliwa. Swali liliandikwa kwa Kiingereza, maana hesabu za sekondari tunasomeshwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo, na katika sentensi ile A inatajwa kwanza, C mwisho. Mtoto anasoma A, anakwenda kusimama A. Neno dogo lililo baina yao, lile la "kutoka", ndilo lililobeba swali lote na ndilo linalorukwa. Makosa mengi niliyoyasahihisha katika maisha yangu yalikuwa ya aina hii. Mtoto hesabu anaijua, ila swali alilolijibu silo aliloulizwa. Liseme kwa Kiswahili: "Ukiwa C, A iko upande gani?" Nani atakosea?

Hapa ndipo ninapoupata uzuri wa grupu lenu, ule uliokuwepo wiki ya kwanza. Darasani mwalimu ana dakika 40 na watoto wengi. Grupuni mtu anaweza kulirudia swali kwa Kiamu, mwingine akalirudia kwa Kitikuu cha kwao, kwa sauti, na aliyekwama akaisikiliza sauti ile mara sita bila mtu kumwona. Si jambo la kudharau. Mwaka 2004 Salman Khan, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi ya mambo ya fedha Boston, alianza kumsomesha hesabu binamu yake aliyekuwa New Orleans, kwa simu na intaneti. Naye binamu! Ndugu wengine wakataka, akaanza kurekodi masomo na kuyaweka YouTube, na kutoka hapo ikazaliwa Khan Academy, shule ya bure ya mtandaoni. Yeye mwenyewe husimulia kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi akiwa kwenye video kuliko ana kwa ana, kwa sababu kwenye video wanaweza kumsimamisha na kumrudisha nyuma bila kuona haya. Sauti ya dakika moja kwenye grupu lenu inafanya kazi hiyo hiyo, tena kwa lugha ya nyumbani.

Bibi yako nimemsikia. Hadithi ile nami nilisomeshwa, na simpingi. Ilimu haifitwi. Lakini hebu tutazame ni nini kilichofichwa na nini kilichotolewa. Siku ulipojibu "la 4 limenishinda" kwa kueleza, ulitoa ilimu. Usiku ulipotuma picha, ulitoa tarakimu na ilimu ukaifunika kwa tarakimu hizo. Watu 22 walipita juu yake bila kujua kwamba ipo. Kama ni lijamu, mwanangu, basi ni kwa zile picha, si kwa kukataa kwako kuzituma.

Mkumbushe bibi chuo cha Kurani. Yeye, mimi, na wewe, sote tumesoma hivyo: mwalimu amewaketisha wakubwa, wakubwa wanasikiliza wadogo, kila mmoja na ubao wake au juzuu yake. Aliyehifadhi humsahihisha mwenzake, humrudisha pale ulimi ulipoteleza, humvuta mpaka aya ikae. Huo ndio msaada, na haukuanza na WhatsApp. Sasa muulize bibi: aliwahi kumwona mtu anamhifadhia mwenzake? Huwezi. Siku ya kusomeshwa mbele ya mwalimu kila mtu hufungua kinywa chake. Nadhani bibi atakuelewa kwa hilo kuliko kwa maneno yangu yote.

Nanyi siku yenu inakuja. Ninyi mliofanya ile KCPE ya mwisho, mtihani wa darasa la nane wa 2023, ndio mkia wa mtaala wa zamani wa 8-4-4. KCSE yenu ya 2027, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, ni ya mwisho, na nyuma yenu hakuna kidato cha kurudia, kuna watoto wa mtaala mpya. Karatasi mbili za hesabu, kila moja saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza maswali 16 yote ni lazima, sehemu ya pili mnachagua 5 katika 8. Ukitazama ukurasa wa mbele wa karatasi zilizopita utakuta mtahiniwa anaambiwa aonyeshe hatua zote, na kwamba alama zinaweza kutolewa kwa kazi iliyo sahihi hata kama jibu limekosewa. Wasahihishaji wana alama za njia na alama za jibu. Katika lile swali la 19, kwa beringi yako ya kukosea, bado ungevuna alama za kilomita 13 na hatua zake. Aliyezoea kupokea jibu hana njia ya kuonyesha, kwa hivyo akikosea jibu amekosa vyote. Walijua wenzako jambo hili? Nadhani hawakujua. Waambie.

Kwa hiyo grupu mimi nisingelifunga. Lakini mwalimu amesema lifungwe, na neno la mwalimu halirukwi kwa sababu Halati wa gazetini kasema. Liweke kimya kwanza, kama wewe ndiye msimamizi. Kuna mahali pa kuchagua kwamba wasimamizi tu ndio waandike. Kisha mwendee.

Usiende mbele ya darasa, na usiende na machozi. Nenda baada ya vipindi. Neno la kwanza liwe, "Mwalimu, kosa la swali la 19 ni langu, na picha nilituma mimi." La pili, mweleze ulivyokosea: ulisimama A badala ya C. Hapo hapo atajua nani aliyefanya kazi, maana aliyenakili hawezi kueleza kosa lake. Usimwombe alama. Alama za kazi ya likizo zinasahaulika kabla ya Maulidi. Mwombe akupe swali jingine la aina ile ulifanye ubaoni, siku na saa anayotaka yeye. Na majina ya wenzako usiyataje, anayo madaftari. La bando atalisikia mama kwanza, na mama ndiye atakayeamua liende mbele au liishie nyumbani.

Sufuri kwa wote, baina yangu na wewe, ni adhabu ya mtu aliyechoka. Nami nimewahi kuitoa. Unakaa usiku na madaftari, la tano linafanana na la nne, la kumi linafanana na la tisa, mpaka unaona umechezewa shere. Mpe siku chache, kisha mwambie mnataka kulifungua grupu kwa sharti, na mweleze sharti lenyewe. Akitaka kuingia ndani, aingie. Akikataa kabisa, basi fanyeni ana kwa ana wakati wa mapumziko, na likizo mtamwomba tena.

Sharti ninalolipendekeza ni moja: hakuna anayepata kitu kabla hajaonyesha alipofika. Mtu akiandika "tuma 12", jibu lako ni "umefika wapi?" Atume picha ya alichoandika yeye, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni mchoro uliopinda. Tuseme swali ni la shamba la mstatili, urefu umezidi upana kwa mita 5, eneo ni mita mraba 84. Akikwambia hana hata pa kuanzia, muulize: upana tukiuita x, urefu utauitaje? Nyamaza. Mwache aandike x + 5 yeye. Akishafika kwenye x² + 5x − 84 = 0, muulize namba gani mbili zikizidishwa zinaleta hasi 84 na zikijumlishwa zinaleta 5. Nyamaza tena. Atakuja na 12 na hasi 7, ataandika (x + 12)(x − 7) = 0, na x atapata mbili: 7 na hasi 12. Amefurahi, atataka kuandika zote mbili. Hapo muulize shamba lenye upana wa mita hasi 12 ameliona Mpeketoni au Witu. Atacheka, na hatalisahau.

Ni kazi ndefu kuliko kupiga picha, najua. Watatu watakaa, kumi wataondoka wakitukana. Waache. Programu za kulipiga picha swali zikatema jibu na hatua zake zimejaa kwenye simu siku hizi, na anayetaka kunakili hakuhitaji hata wewe. Nalo hilo likupunguzie mzigo: kwa jibu, wewe huna thamani kubwa kuliko mashine ya bure. Kwa kulieleza swali kwa lugha ya kwao, huna wa kushindana naye. Na baada ya saa tatu za usiku simu irudi kwa mama.

Lile bando, warudishie. Si haramu mtu kulipwa kwa kusomesha, mimi nimelipwa miaka 27. Ila wewe hukusomesha; uliuza zamu.

Nimemwacha binamu mwisho kwa sababu ndiye aliyenikaa moyoni. Mtoto ametoka kwao kisiwa kingine, analala chumba kimoja na msichana anayesifiwa kwa jambo lile lile analoliogopa yeye. Kila usiku anaona mgongo wako umeinamia daftari. Daftari lile lilikuwa ndiyo njia yake ya kutoonekana mjinga mbele ya mama yako. Nawe ukalifunga ghafla, na sioni katika barua yako kwamba uliweka kitu mahali pake. Kununa kwake mimi nakuelewa.

Leo usiku usimwambie njoo nikusomeshe. Mwambie wewe ulikosea swali la 19 na unataka akusaidie kulielewa, maana mambo ya bahari yeye anayajua kuliko wewe wa Langoni. Si uongo.

Kisha tandikeni mswala sakafuni. Sisi wa Amu tuna bahati ambayo wanaotunga vitabu hawaijui: Makka iko karibu kaskazini kamili kwetu, imeinama kidogo tu upande wa magharibi, na ndiyo maana katika Kiswahili cha pwani kibla ni jina la kaskazini. Binamu yako husimama kwenye 000° mara tano kila siku, hajaambiwa tu. Asimame juu ya mswala, uso kibla. Hapo ni sufuri. Ageuke kuumeni polepole: uso ukishaelekea matlai, kunakochomoza jua, 090°. Akiupa kibla mgongo, 180°. Akiendelea mpaka machweo, 270°. Beringi ni hiyo tu, si ile ya gurudumu la baiskeli. Ni kugeuka kwa kuume kuanzia kibla.

Sasa mwambie atembee kutoka A hadi B hadi C, pale pale chumbani, au uani kama chumba ni kidogo. Akifika C muulize A iko wapi. Kama ataanza kurudi kwenye mswala wa A ili apime, mzuie na umuulize jambo moja: mtu akisafiri akafika, wakati wa sala ukaingia, hurudi kuswali alikotoka? Hutandika pale alipo. Basi atandike mswala C, asimame, aelekee kibla, ageuke kuumeni mpaka aione A. Atakuta amepita matlai, amepita kusini, yuko karibu na machweo. Hatahitaji fomula ya mtu. Na wewe, mwanangu, nawe hutakosea tena, kwa sababu kwa maoni yangu hata wewe hukuwahi kusimama pale C.

Sharti langu kwako usiku huo ni kwamba kalamu iwe mkononi mwake. Ikikuwasha mikono, kaa juu yake.

Mkishamaliza, jaribuni hili. Mashua imetoka A, kilomita 15 kwa beringi ya 040° hadi B, kisha kilomita 8 kwa beringi ya 130° hadi C. Ni umbali gani kurudi A, na nahodha aelekeze wapi? Jibu mnitumie kwa sauti, kwa simu ya mama, na mama awe amekaa hapo. Sitaki picha. Na sauti nitakayoisikia iwe ya binamu yako.